Leso Iliyofuliwa

Mtu asije akadhani naandika haya nikiwa nimetulia. Sijatulia. Kuna mwanamke mmoja wa Tiwi niliyemwekea kinyongo tangu sijavunja ungo, na kinyongo hicho nimekitunza vizuri kuliko vitu vingi nilivyopewa na watu walionipenda. Nimesoma nacho, nimeolewa nacho, na nimefungua chumba cha kazi nacho.

Kazi yangu ni kuketi na watu waliochoka nafsi. Chumba kiko Ukunda, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na watu wa huku huniita daktari wa mawazo. Wengine hupanda ngazi wamejifunika mtandio mpaka puani, wakisema kule chini dukani kwamba wanakwenda kwa fundi wa nguo. Wakishaketi hulalamikia usingizi, mapigo ya moyo, mume, jini la ukoo. Mimi huwasikiliza, wakimaliza huwauliza swali ambalo wengi huliona la kipuuzi: ulipokuwa mdogo, ukilia, nani alikuja?

Katika majibu yao ndimo ninamopata njia. Yupo aliyeitikiwa, na huyo hupenda mtu, akaagana naye, na asivunjike. Yupo aliyeitikiwa leo na kesho akaachwa, na huyo humganda mumewe mpaka mume akakosa pumzi. Kisha wapo ambao hakuja mtu. Hao hukaa wima kitini, mkoba mapajani, wakasema, "Mimi sina neno, daktari, nimesindikiza tu." Hao ndio huwapangia siku nyingi.

Mtoto mdogo haulizwi chochote, hutazamwa. Mama humleta, tukakaa kidogo, kisha namwomba mama atoke nje, halafu arudi. Kutoka kwake si kitu sana, watoto wengi hulia mama akitoka. Mimi hungojea kule kurudi. Vitabu nilivyosomea vinasema mtoto aliyetulia humkimbilia mama yake na kumrukia shingoni. Ala! Huku kwetu nani alimfundisha mtoto kumrukia mtu mzima shingoni mbele ya mgeni? Mtoto aliyefundwa husimama, akasema shikamoo, akabusu mkono. Alikuja binti mmoja kutoka bara kujifunza kazi kwangu, akawaandika watoto hao wote kwamba mioyo yao ni baridi. Nilimwambia akiendelea hivyo atalaza Kwale nzima hospitalini.

Nikamwonyesha pa kutazama. Tazama mkono baada ya shikamoo. Mtoto aliyetulia hauondoi. Atabusu, kisha atauacha ule mkono palepale, ataegemea paja la mama, ataanza kuchezea pindo la leso yake au kuzungusha bangili. Aliyevunjika atabusu kwa adabu kamili, kisha atarudi nyuma na kukaa. Watu wote wa nyumbani watamsifu mtoto huyo kwa heshima yake.

Na kuna jambo jingine ambalo huwauliza wote. Mama wa huku akisafiri, au akiachwa na kurudi kwao, humwachia mtoto leso aliyoilalia. Leso hiyo haifuliwi. Mtoto huivuta usoni usiku, akanusa, akalia kidogo, akanyamaza, akalala. Bibi zetu hawakusoma popote na walilijua hilo. Basi mimi huuliza: ulimwachia leso? Iko wapi?

Nauliza kwa sababu yangu ilifuliwa.

Baba alimwacha mama nikiwa mdogo, nikabaki kwa baba Msambweni, naye mama akarudi kwao Kibuyuni. Aliniachia leso ya korosho, nyekundu na nyeusi, aliyoilalia. Nilikuwa naifunika usoni mpaka asubuhi. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi, ya moshi wa kuni, na ya shingo yake. Haukupita muda baba akaoa.

Bibi harusi alikuwa mwanamke wa kunusa. Hakuketi kitini bila kukinusa, hakunywa maji kabla hajanusa kikombe. Hakunipiga hata siku moja, wala hakuninyima chakula. Angalau angenipiga majirani wangeona! Alikuwa msafi tu. Asubuhi moja nilirudi kutoka chuo cha Kurani nikaikuta leso yangu kwenye kamba, inachuruzika maji. Nikasimama chini yake, nikasema, "Leso yangu."

"Nimeifua," akasema. "Ilikuwa imeanza kunuka."

Nikaivuta ile leso mbichi usoni. Sabuni. Nikaitafuta harufu yake kwenye pindo, nikaitafuta katikati. Sabuni tupu. Wallahi, sikulia. Na toka siku hiyo sikulia tena katika nyumba ile, na yeye akawa ananisifu kwa wageni: huyu mtoto ana akili, hamkumbuki hata mamake.

Mengine niliyajua nikiwa mtu mzima, nilipoambiwa na shangazi yangu wa Kombani aliyekuja kunichukua baadaye. Mama alikuwa akija. Alikuwa akifika mlangoni pale Msambweni na kifurushi chake, na yule msafi akimwambia mtoto hataki kukuona, akikuona anaumwa, mwache asahau. Kisha akiingia ndani ananiambia mimi kwamba mama yangu amepata watoto wengine wa kulea. Alitusemea uongo pande zote mbili, na kila upande ukamwamini. Baba naye alimwacha mwanamke yule, kwa mambo yao wenyewe, naye akaenda kuolewa Tiwi. Mimi sikumwona tena, lakini sikumwacha aende.

Mama yangu yuko hai, alhamdulillahi. Yuko Kibuyuni, analima mwani, magoti yamemchoka kwa maji ya chumvi. Nakwenda kumwona. Namwambia shikamoo, nabusu mkono wake, nauachia, narudi nyuma, nakaa. Ananiandalia wali na samaki. Tunazungumza mvua, tunazungumza magoti. Hatuna ugomvi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua, maana watu wenye ugomvi angalau wana kitu cha kupatana. Sisi tunakaa kama wakwe. Kitabuni jambo hili lina jina lake, nalijua, nimelifundisha, na nikiwa pale jamvini kwa mama halinisaidii kitu.

Sasa basi. Mwaka jana afisa wa watoto alinipigia simu. Kuna mama na bibi wanagombania mtoto, akasema. Mama alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, amerudi, amepata kazi ya kushona Malindi, anataka kumchukua binti yake. Bibi, ambaye ndiye mama mzazi wa huyo mama, anakataa, anasema mtoto hamtaki. Afisa alitaka neno langu: mtoto abaki Tiwi au aende Malindi. Akasema waziwazi kwamba atafuata nitakaloandika.

Siku waliyopangiwa wote watatu wakabisha hodi. Nikajua ni nani kabla sijamwona uso, kwa namna alivyoinama akakinusa kiti changu kabla ya kukikalia.

Loh! Alikuwa amekuwa mzee, mwembamba, hina vidoleni, buibui lake limepigwa pasi. Hakunitambua. Angenitambuaje? Jina langu hata hakuwahi kulitumia, aliniita "wee" tu, na sasa mimi ni mtu mzima mwenye miwani na meza. Nikampa shikamoo yake, maana nimefundwa.

"Marahaba, daktari mwanangu," akasema. "Chumba chako kisafi, mashallah."

Nikasema moyoni: umefika, bibi wee.

Najua kazi yetu inavyotaka. Ukimjua mtu kwa namna ile unampeleka kwa mwenzako. Mwenzangu wa karibu yuko ng'ambo ya feri, Mombasa, na nikitaka kujitetea ningesema ni mbali. Sijitetei. Nilimtaka yule mwanamke mkononi mwangu, na Mungu alikuwa amempandisha ngazi kwa miguu yake mwenyewe.

Mtoto alikuwa msichana anayeng'oka meno ya mbele, kavaa gauni jeupe lililonyooshwa mpaka linasimama. Mama yake alikuwa mwanamke mchanga, mikono imeliwa na dawa za kusafishia nyumba za watu. Alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama chakula wakati wa saumu. Nikamwomba ashuke dukani anunue maji. Akatoka. Msichana akaweka mikono mapajani, hata mlango hakuutazama. Mama akarudi. Msichana akasimama, akasema, "Shikamoo mama," akabusu mkono, akarudi nyuma hatua, akaketi.

Mkono wa mama ulibaki pale hewani. Akauficha ndani ya buibui.

"Umeiona adabu hiyo, daktari?" bibi akasema, uso unamwaka. "Siku hizi halii kabisa. Mtoto wa pekee huyu, hamkumbuki hata mamake!"

Nilikuwa nimeyasikia maneno yale kabla, yakisemwa juu ya kichwa changu.

Nikajikaza. Nikamwomba bibi naye atoke kidogo, kwa maana haki ni haki, kila mmoja hutazamwa. Nilikuwa na hakika nitakachokiona: mtoto akipumua, akifurahi kwamba mchawi katoka. Ole wangu! Bibi alipopita mlangoni macho ya msichana yalimfuata yakabaki pale. Bibi aliporudi, msichana alibusu mkono, akauacha mkono palepale, akaegemea paja lake, akaanza kuchezea pindo la leso yake.

Ilinichoma. Alikuwa anampenda. Kikongwe yule alikuwa ameamka usiku kwa ajili ya mtoto yule, amemkanda homa, amemwitikia, yote ambayo mimi hakunifanyia. Nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi, nimeona kwa macho yangu, na kwa nilichokiona mpaka dakika ile ushindi ulikuwa wake. Angeondoka na mtoto, tena kwa sahihi yangu. Wacha nikwambie, nilitaka kuvunja kitu.

Nikamgeukia mama wa mtoto. Nikamwuliza kama nimwulizavyo kila mtu: "Ulipoondoka, ulimwachia nini?"

"Leso yangu, daktari. Niliilalia, nikamfunga nayo mgongoni siku ya mwisho, nikamwachia."

"Iko wapi?"

Hakujua. Akamtazama mama yake. Nami nikamtazama bibi, na nakiri nilikuwa najua jibu, nilitaka tu lipite kinywani mwake.

"Aa, ile?" akasema bibi, akikunja pua. "Niliifua. Ilikuwa imeanza kunuka."

Nikaiweka kalamu mezani polepole. Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa laini kama asali, habari ya simu. Bibi akajibu bila kuona shimo lilipo. "Mtoto alikuwa akiongea na mamake anashinda analia, daktari, hali, halali, basi nikaona heri nisimpe simu. Nikamwambia mamako ana watoto wa Waarabu wa kulea sasa. Na huyu nikamwambia mtoto hataki kuongea nawe. Si nilitaka mtoto atulie?"

"Mama!" yule mwanamke mchanga akasema. Alisimama, akakaa, akashika kichwa. "Mama, mimi kila Ijumaa nilikuwa najificha bafuni kwa watu nipige simu! Uliniambia ananichukia!"

Msichana aliinua uso. Tangu waingie hakuwa amesema zaidi ya shikamoo.

"Ulikuwa unapiga?" akamwuliza mama yake.

"Nilikuwa napiga."

Msichana alimtazama bibi yake, kwa muda, kama anayemngoja akanushe. Bibi hakukanusha. Basi mtoto akashuka kitini, akaenda mpaka kwa mama yake, hakumkumbatia, akashika ncha ya leso iliyotokeza chini ya buibui, akaipeleka puani. Mama yake alimwachia, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na mtoto ananusa. Nilimwashiria asiseme kitu.

Kisha nikawaambia wawili hao wakaningojee chini. Nikabaki na bibi. Alikuwa ameanza kujipangusa uso, anatafuta neno la kujiokoa. Nikamwuliza:

"Ile leso ya korosho, ya Msambweni, uliifua kwa sabuni gani?"

Hakuelewa. Nikavua miwani. Nikaona inamwingia, kidogo kidogo, kwanza machoni, kisha mdomoni.

"Wee," akasema.

"Ee. Mimi."

Feni inazunguka, chini dukani wanapima kitambaa. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Nilikuwa mwari tu. Nimeingizwa nyumba inayonuka mwanamke mwingine. Mito, mapazia, wewe mwenyewe. Kila nilipokushika ulikuwa unamnuka yeye. Nilifua kila kitu."

Nilimwelewa. Naapa nilimwelewa pale pale, ndiyo kazi yangu, ningemwelewa hata nyoka akiniketia pale. Nikiwa na mgonjwa mwingine ningelimega neno lile na kulishika naye kwa wiki kadhaa mpaka lilainike. Yeye sikumpa hata wiki moja. Nikamfungulia mlango.

Nikaandika maoni yangu kwa afisa. Nimeyasoma tena na tena nikitafuta sumu, haimo. Niliandika kwamba mtoto anampenda bibi yake na bibi anampenda. Niliandika kwamba amekatwa na mama yake kwa maneno, na kwamba mtoto aliyezibwa machozi namna hiyo hayamwishi, humgandia ndani. Niliandika aende kwa mama yake Malindi, na likizo aletwe Tiwi. Mwenzangu yeyote angeandika hivyo hivyo. Nilimwambia bibi, mbele ya afisa, ampe mtoto leso aliyoilalia, na asiifue, na nikamtazama usoni alipokubali. Hiyo ilikuwa haki ya mtoto, na ya mtoto sigusi.

Kisasi changu nilikitia mahali pengine. Kila ninapomwondoa mtoto kwa bibi, humwambia mama yake pia amwachie yule mzee nguo moja ya mtoto, ile ya kulalia, chafu vilevile. Wazee hulala peke yao baada ya hapo, na usiku ni mrefu. Humwambia kila mtu. Sijawahi kusahau.

Safari hii sikusahau pia. Nilimwita mama wa mtoto kando, nikamwambia, "Kabla hamjaondoka, fua nguo zote za mtoto. Zote, hata ya kulalia. Usiache kitu hakijafuliwa."

"Kwa nini, daktari?"

"Mwanzo mpya," nikamwambia, na yule maskini akaniamini.

Nilipita Tiwi siku moja kabla ya safari yao, sikuwa na shida yoyote huko. Kamba ya uani kwa kikongwe ilikuwa imejaa vigauni tangu ukuta hadi ukuta.

Haukwisha mwezi bibi akaja. Hakuwa amepangiwa siku. Alipanda ngazi akihema, akaketi kitini bila kukinusa, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Akafungua mkoba, akatoa kigauni kidogo cha kulalia, cha rangi ya njano, kimefifia. Kilianguka nyuma ya kitanda baada ya kufuliwa, akasema, wakakisahau.

"Nimekinusa kila mahali," akasema. "Kwapani, kwenye kola. Sabuni tu. Alifua zote, daktari. Hata kimoja hakuniachia. Kwa nini azifue zote?"

Nilimtazama machoni.

"Zilikuwa zimeanza kunuka," nikasema.

Watu wangependa nieleze kwamba haikuniburudisha. Iliniburudisha. Ilinishuka mwilini kama maji ya madafu jua la saa saba, na nilimtazama akipokea neno lile bila kukwepesha jicho. Hakunitukana. Hakulia. Alikikunja kile kigauni kwenye magoti yake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Wewe ile yako unayo bado?" akaniuliza.

Nikasema ninayo, kabatini.

Akasogea mbele kitini, na akaniuliza polepole, kama mgonjwa anavyomwuliza daktari wake, "Ukikaa nayo sana, harufu hurudi?"

Nilikuwa na jibu la kumchoma nalo, nimelinoa tangu utotoni. Nikafungua kinywa, nikajikuta namwambia ukweli, kwamba haijarudi, na kwamba jana tu nilikuwa nimeinusa tena.